Wodi Iliyojengwa Mara Tatu

Uongo wa kampeni hautoki nyumbani uchi. Huogeshwa, hupakwa mafuta, huvishwa suti na kufungwa tai ya takwimu, kisha hupandishwa jukwaani umeshikwa mkono kama bibi harusi. Ndivyo ulivyopandishwa Jumamosi ile katika uwanja wa shule, mbele ya watu waliojaa pomoni hadi juu ya kuta.

"Nimewajengea wodi ngapi za wazazi?" Mheshimiwa aliuliza, kipaza sauti kikiwa karibu kumezwa.

"Tatuuu!" umati ukajibu, maana wapambe walikuwa wamewafundisha jibu hilo tangu asubuhi.

"Kwa milioni ngapi?"

"Mia saba na ishiriniii!"

"Msiniamini mimi. Mimi ni mgombea, naweza kusema lolote." Watu wakacheka. Mheshimiwa alikuwa mbunge wa vipindi viwili na alijua mahali pa kuwachekesha watu kama kinyozi ajuavyo kisogo. "Someni kitabu cha bajeti, kimeandikwa humo. Na anayebisha akamuulize dada yetu wa redioni, Bi Mizani. Alimzika mdogo wake kwa kukosa wodi. Leo ameshatulia, ameshasamehe, anajua nilichofanya. Mtazameni!"

Akageuka na kunyoosha kidole. Nyuma yake, kwenye bango refu kuliko mlango, alionekana Bi Mizani amesimama kando ya Mheshimiwa, mkasi mkononi, utepe mbele yake, anacheka meno yote nje.

Bi Mizani mwenyewe alikuwa amesimama nyuma ya umati na daftari lake.  Waliokuwa karibu naye walimgeukia, mmoja akampigia makofi.  Aliandika maneno yote aliyoyasikia, neno kwa neno, na kalamu ikatoboa karatasi mara mbili.

Alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye sauti nzito kuliko umbo lake. Jina la Mizani alipewa na wasikilizaji kwa sababu ya kipindi chake cha kila Jumatano, ambamo alizichukua kauli za wagombea kuhusu fedha za serikali, akazipima moja moja na kutoa hukumu: kweli, nusu kweli au uongo. Wagombea walimwogopa kama mtoto aogopavyo sindano, ndiyo maana kila walipomwona walimwita dada.

Miaka mitano nyuma, mdogo wake wa tumbo moja alishikwa na uchungu. Zahanati haikuwa na chumba cha kuzalia. Akalazwa kwenye benchi la korido, mgongo ukutani, watu wakipita na kumruka miguu. Alivuja damu saa tano nzima akisubiri gari la kumpeleka hospitali ya wilaya. Gari lilipokuja, lilifika hospitalini na mtoto hai na mama maiti. Mtoto huyo, msichana, sasa alikuwa wa miaka mitano, na alimwita Bi Mizani mama.

Siku hiyo ya Jumamosi, Bi Mizani alipofika nyumbani, alimkuta mama yake mzazi ameketi mlangoni, mtandio umeanguka mabegani na hakuwa na habari nao.

"Nimeliona bango sokoni," mama alisema. "Kwa hiyo umemsamehe?"

"Mama, hata kuniuliza hakuniuliza."

"Basi mbona unacheka?"

 Ni kweli Bi Mizani alicheka siku ile ya kuweka jiwe la msingi. Mkasi ulikuwa butu, utepe ukakataa kukatika, Mheshimiwa akamnong'oneza kwamba hata utepe unataka chai. Akacheka, mpiga picha akabonyeza. Kicheko cha nukta moja, leo kilikuwa kimetundikwa mji mzima kama nguo ya ndani kwenye kamba ya jirani.

"Nitakujibu Jumatano, mama."

"Unijibu mimi, au umjibu yeye?"

"Nyote."

Jumatatu asubuhi mhariri wake alimfungia mlango wa ofisi. Alikuwa mtu mpole, aliyekunja mikono ya shati hata siku za baridi.

"Dada, hii huipimi wewe. Mpe mwenzako."

"Kwa nini?"

"Una jeraha. Watu watasema unalipiza kisasi."

"Basi niwekee mtu wa kunikagua kila ukurasa. Nikikosea namba moja tu, nifukuze kazi."

"Sizihofii namba. Nauhofia moyo wako."

"Moyo nitauvua mlangoni pamoja na viatu."

 Mhariri akasema sawa, ila kwa masharti ya siku zote: kila namba iwe na karatasi mbili za kuithibitisha, na Mheshimiwa apewe nafasi ya kujibu hewani, kwa mdomo wake. Watu wapige kura Jumapili wakiwa wamewasikia wote wawili.

Bi Mizani aliteremsha rafuni vitabu vitatu vya makadirio ya bajeti, vya miaka mitatu mfululizo, vinene kama matofali. Alikuwa na desturi yake ya kusoma: aliweka rula chini ya mstari ili jicho lisidondokee mstari wa jirani. Mwaka wa kwanza, kuanza ujenzi wa wodi ya wazazi, milioni mia mbili na arobaini. Wa pili, kuendeleza ujenzi wa wodi ya wazazi, milioni mia mbili na arobaini. Wa tatu, kukamilisha ujenzi wa wodi ya wazazi, kiasi kile kile.

Mhariri alikuwa amesimama nyuma yake akijumlisha kwa vidole. "Mia saba na ishirini," akasema kwa unyonge. "Basi amesema kweli. Hakubuni hata sifuri."

"Sifuri hakubuni. Subiri."

Alilivuta jicho kwenye rula, si kuelekea kulia ambako fedha zinakaa na ambako kila mtu hutazama, bali kushoto kabisa, pembezoni, ambako pana namba ya mradi. Akaisoma kwa sauti katika kitabu cha kwanza. Akaisoma katika cha pili. Katika cha tatu mhariri aliisoma pamoja naye, maana walishaijua. Ilikuwa namba ile ile moja.

"Mtoto mmoja, vyeti vitatu vya kuzaliwa," Bi Mizani alisema. "Fedha isipotolewa mwaka huu, wanaiahidi tena mwakani na kubadilisha kitenzi. Kuanza, kuendeleza, kukamilisha. Kitabu hiki ni cha nia, bwana, si cha matendo. Ni orodha ya kwenda sokoni. Umewahi kuona mtu ameshiba orodha?"

"Na zilizotolewa ni ngapi?"

Ripoti ya utekelezaji ilikuwa nyembamba, kama mambo mengi ya utekelezaji. Mwaka wa pili, sifuri. Wa tatu, sifuri. Wa kwanza, milioni kumi na nane, na mbele yake maneno matano tu: shughuli za awali za mradi.

"Shughuli gani?" mhariri aliuliza.

"Hilo haliko humu. Kesho naenda kulitazama kwa macho."

Jumanne saa mbili asubuhi alikuwa zahanati. Muuguzi mkuu, mama aliyebakiza miezi minne kustaafu, alimpokea kwa mikono miwili. Huyu ndiye aliyemshika mkono mdogo wake kwenye benchi. Alipenda vitendawili kupita kiasi. Wagonjwa walisema alikuwa akiwachoma sindano wakati wanatafuta jibu.

"Kitendawili!" akasema, akitangulia kwenda uani.

"Tega."

"Nyumba yangu imeanzwa, imeendelezwa, imekamilishwa, na mvua ikinyesha twalowa sote."

"Nimeshindwa. Chukua mji."

"Miji yenu siitaki, mwanangu. Nipe wodi."

Wakafika. Palikuwa na kijukwaa cha saruji chenye upana wa kitanda, na juu yake jiwe la msingi lililong'arishwa, jina la Mheshimiwa limechongwa kwa herufi za dhahabu. Basi. Nyuma ya jiwe yalikuwa majani yamefika kiunoni. Wauguzi walikuwa wamefunga kamba kutoka kwenye jiwe hadi kwenye mti, na mashuka ya hospitali yalining'inia hapo yakidondosha maji juu ya jina la Mheshimiwa.

"Angalau lina kazi," muuguzi alisema. "Kwa kuanikia halina mpinzani."

Bi Mizani hakucheka. Alikuwa anatazama mlango wa korido ulio wazi. Benchi lilikuwa pale pale. Mwanamke kijana alikuwa amelikalia, ameegemeza mgongo ukutani, mikono imebana tumbo, jasho linamtiririka.

"Huyu yuko hapa tangu saa ngapi?"

"Tangu alfajiri. Kitoto kimekaa vibaya. Nimepiga simu mara sita, wananiambia gari linajazwa mafuta."

Bi Mizani alitoka barabarani akasimama katikati ya njia, mikono juu, mpaka lori la mchanga likafunga breki puani pake. Dereva alishuka na matusi mdomoni, akaona alichoonyeshwa, akayameza. Mwanamke yule alipandishwa mbele, msaidizi wa zahanati kando yake, lori likaondoka. Na kitabu cha mwaka wa tatu kilisema ni kukamilisha!

Muuguzi alirudi na jalada la kijani lililoshikizwa kwa pini zenye kutu. "Watu wa wilaya walinitaka nisaini kwamba fedha za mradi zimefika hapa. Nikawaambia kwanza nipeni nakala ya mlichozifanyia. Walifikiri bibi wa sindano hajui kusoma."

Bi Mizani akaweka rula. Mahema. Viti mia nne. Vipaza sauti. Fulana zenye picha. Jiwe na kuchonga jiwe. Utepe na mkasi. Chakula cha watu mia nne, vinywaji baridi. Bahasha za nauli kwa wageni wa heshima. Jumla, milioni kumi na nane, hazikubaki hata za kununulia tofali moja. Fedha yote iliyowahi kutolewa kwa ajili ya wodi ilikuwa imeliwa kwa siku moja katika sherehe ya kuahidi wodi.

Karatasi ya mwisho ilikuwa orodha ya waliopokea bahasha. Mstari wa tatu: dada wa marehemu, elfu hamsini. Na mbele yake sahihi, yenye mkia mrefu ambao aliujua, kwa sababu ulikuwa wake.

Alikaa chini kwenye kile kijukwaa, mashuka yakimdondoshea mgongoni. Wakati ule alikuwa bado msomaji wa matangazo ya vifo tu redioni. Alidhani bahasha imetoka mfukoni mwa Mheshimiwa, kama rambirambi. Alidhani chakula ni cha Mheshimiwa. Alikula sahani mbili, ya pili kwa kulazimishwa, na soda akaomba ya baridi zaidi. Alikuwa ameila wodi ya mdogo wake, akajifuta mdomo, akasema ahsante.

"Mwanangu," muuguzi alimwita. "Hukujua."

"Sikujua. Yeye alijua."

Hapo hasira yake iliacha kuchemka. Ilitulia, ikawa ngumu na safi kama kisu kilichotoka kwenye jiwe la kunolea.

Alasiri alimpigia simu msimamizi wa kampeni, mtu mwembamba ambaye mji mzima ulimwita Kivuli, kwa sababu Mheshimiwa akigeuka naye anageuka. Alimweleza alichokikuta, akamwalika Mheshimiwa ajibu hewani.

"Dada, karatasi hiyo ninayo mimi pia," Kivuli alisema taratibu, kama mtu anayekata keki. "Mstari wa tatu umeuona?"

"Nimeuona."

"Ukiisoma wewe, na sisi tunasoma. Mpimaji wa mji mzima, bahasha kwapani! Watu watakusikiliza tena? Lakini ukisema tu kwamba mambo ya bajeti yana tafsiri nyingi, tutaishi vizuri. Mheshimiwa anakupenda, dada. Atakuja mwenyewe. Anasema wewe ni mtu wake."

Mhariri aliposikia maneno hayo aliteremsha mikono ya shati, akaikunja tena. "Wakisoma wao kwanza, kipindi kimekufa na kazi huna. Una mama, una mtoto."

"Ndiyo maana nitasoma mimi kwanza."

Jumatano saa kumi alasiri Mheshimiwa aliingia studio na manukato yake, amemwacha Kivuli nje ya kioo. Alimshika Bi Mizani mikono yote miwili.

"Dada yangu! Mtoto hajambo?"

"Hajambo."

"Mama je?"

"Anakusikiliza."

"Nilijua tu. Sisi tumezika pamoja." Akaketi, akavuta kipaza sauti kama mtu anayevuta sahani. Taa nyekundu ikawaka.

"Wasikilizaji," Bi Mizani alianza, "kabla sijampima mgeni, najipima mwenyewe. Miaka minne iliyopita nilialikwa kukata utepe wa wodi ya wazazi. Nilikula sahani mbili. Nilipewa elfu hamsini, nikasaini. Jana nimegundua kwamba chakula kile na fedha ile vilikuwa ndiyo wodi yenyewe. Asubuhi ya leo nimezirudisha hizo elfu hamsini kwa mhasibu wa wilaya, risiti hii hapa. Aliniuliza aandike malipo ya nini. Nikamwambia andika matofali."

Nyuma ya kioo, Kivuli alikuwa ameshatoa karatasi yake mfukoni. Aliitazama, akaikunja, akairudisha.

Bi Mizani akasoma. Hakupandisha sauti. Alisoma kitenzi cha mwaka wa kwanza, cha pili na cha tatu, akasoma namba ya mradi mara tatu, polepole, hata mwenye kalamu butu angeweza kuiandika. Akasoma sifuri mbili. Akasoma mahema, viti, fulana na mkasi. Tabasamu la Mheshimiwa lilibaki usoni lakini lilikuwa limekufa, kama taa ya duka lililofungwa.

"Fedha zilitengwa!" akafoka. "Kitabu kinasema!"

"Zilitengwa. Zilitolewa?"

"Kuna taratibu za serikali, dada, mambo ya hazina si mepesi..."

"Zilitolewa?"

"Usiniulize kama unamuuliza mtoto!"

"Mtoto ningemuuliza kwa upole. Wodi tatu, Mheshimiwa. Nitajie moja tu: mlango wake umeelekea wapi?"

Mji mzima ulisikia kimya kile. Sokoni wachuuzi waliacha kupima. Feni ya studio ilizunguka, ikazunguka. Mheshimiwa akatazama kioo, na Kivuli akatazama viatu vyake.

"Ziko... ziko katika hatua," alisema hatimaye.

"Jana asubuhi kulikuwa na mwanamke kwenye benchi lile lile. Ameondoka kwa lori la mchanga. Yuko hai na mwanawe yuko hai, na hiyo ni kazi ya dereva, haimo katika kitabu chako chochote." Akafunga jalada. "Kauli ya kwanza: amejenga wodi tatu kwa milioni mia saba na ishirini. Hukumu: uongo. Kauli ya pili: dada wa marehemu amesamehe. Hiyo haina kitabu, shahidi wake ni mimi peke yangu. Hukumu: uongo."

Taa ikazimika. Mheshimiwa hakuinuka mara moja. Alionekana, kwa mara ya kwanza, mtu aliyeshangaa kwelikweli.

"Mbona hukuniambia una kinyongo? Miaka yote hii unanisalimia vizuri."

"Salamu ni adabu, Mheshimiwa. Si dawa."

Nyumbani, mama alikuwa ameketi karibu na redio, mtoto amelala mapajani mwake.  Alijivuta pembeni ya mkeka, bintiye akapata pa kukaa, wakakaa.

Jumapili watu walipiga kura. Katika kituo cha zahanati, ambako siku zote Mheshimiwa alizoea kura mia sita, alipata kumi na moja, na wenye ndimi kali walisema hizo ni za waliopika siku ile ya utepe. Jimbo zima akashindwa kwa kura mia tatu na ushei. Wodi haikuota kwa sababu hiyo. Benchi liko pale pale. Mbunge mpya naye ameahidi, na Bi Mizani ameandika tarehe ya ahadi, saa na nguo aliyovaa.

Matokeo yalipotangazwa, Mheshimiwa alikuwa sebuleni kwake, amezungukwa na fulana ambazo hazikugawiwa. "Yule mwanamke," alikuwa akirudia, akimtazama Kivuli kama anayedai jibu. "Miaka mitano! Hakulia mbele yangu hata siku moja. Mimi nilidhani yalishakwisha."

Kivuli, aliyekuwa akikunja bango lenye kile kicheko, alimjibu bila kugeuka, na hiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kutogeuka: "Mwenye kovu, Mheshimiwa, usidhani amepoa."